Wageni Walioletwa na Dawa

Naandika haya nimekaa, mkono wa kushoto umeushika wa kulia usiichezeshe karatasi. Kama mkono wako nao umeanza kufanya mambo yake bila kukuuliza, au kama una mama, au mume, aliyepewa vidonge na sasa anaongea na watu usiowaona, basi ninakuandikia wewe. Mambo ya kidaktari sitayaeleza, maana siyajui. Nitasimulia yaliyonipata mimi, Kabula, mwalimu wa darasa la pili pale Samuye, mama wa Kulwa na Doto, na jinsi nilivyoyavuka hadi hapa nilipo.

Kilianza kidole kimoja, msimu wa kuchuma pamba. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu tunatenganisha pamba safi na chafu, nikaona kidole gumba cha kulia kinasugua cha shahada, polepole, kama mtu anayehesabu shanga. Nikakiambia kimoyomoyo, tulia. Kikatulia. Nilipoangalia pembeni kikaanza tena. Sikumwambia mtu. Nani atakwenda kwa mganga au kwa daktari kwa sababu ya kidole?

Baada ya hapo ukafuata ubao. Nilikuwa na mwandiko mkubwa wa mviringo, ule tuliofundishwa chuoni, na walimu wenzangu walinituma niwaandikie mabango ya sherehe. Sasa mstari ulianza vizuri upande wa kushoto, halafu herufi zikawa zinapungua, zinapungua, hadi zikifika mwisho zimekuwa kama mayai ya chawa. "Mwalimu, hatuoni," watoto wa nyuma walilalamika. Niliwasogeza mbele. Wiki chache baadaye hata wa mbele walikuwa hawaoni.

Halafu nikaanza kusahau raha ya kazi yenyewe. Mtoto akisoma sentensi yake ya kwanza bila kukwama, mimi nilikuwa mtu wa kuruka na kupiga makofi. Mwaka ule alisoma, akanitazama, akasubiri. Nilijua kwamba amefanya vizuri, kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne. Ndani hapakusogea kitu. Wimbo mpya wa kuhesabu tulioletewa na mkaguzi, watoto waliushika kwa asubuhi moja; mimi niliurudia wiki nzima ukawa haukai kichwani.

Lakini uso ndio ulioniharibia zaidi.

Doto ndiye aliyeniambia. Alikuwa msichana mkubwa tayari, wa kumaliza darasa la saba, naye hakuwa na woga na mimi. Tulikuwa jikoni, ananisaidia kukata viazi vya kuanika michembe.

"Mama, umekasirika na nani?"

"Sijakasirika."

"Basi mbona unaniangalia hivyo?"

Nilienda chumbani nikachukua kioo cha Baba Kulwa cha kunyolea ndevu. Ndani ya kioo nilimkuta mwanamke ananitazama bila kupepesa macho. Nilitabasamu. Nilihisi kabisa kwamba natabasamu, mashavu yanapanda, macho yanajikunja. Yule mwanamke hakutabasamu. Alikaa vilevile, ananikodolea, mchana kweupe, jua linaingia dirishani. Nikakigeuza kioo kikaangalia ukuta, na tangu siku hiyo kikawa kinakaa hivyo.

Kwa mtu asiyejua kwetu, niseme hili. Tunapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, maana kuni zimekwisha, na moshi wake hufanya macho ya wanawake kuwa mekundu. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu husemwa kuwa ni mchawi. Wapo waliosemwa hadi wakaondolewa duniani. Mimi sikuwa mzee, ila nilikuwa nimeacha kupepesa, na macho yasiyopepesa hukauka yakaiva. Nilianza kuona wanawake wakihama upande wa njia wakiniona naja. Nikiwasalimu, "Mwangaluka," walijibu wakiwa wameshanipita. Mama mmoja alikuja shuleni akaomba mwanawe ahamishiwe darasa lingine, na hakutaka kuniambia sababu. Mwalimu Mkuu alimhamisha. Wakafuata wengine.

Mume wangu, Masanja, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, anakuja nyumbani mwisho wa wiki kwa baiskeli. Kwa hiyo siku nyingi nyumbani tulikuwa wanawake tu, mimi na Doto na mama mkwe wangu, Mayu Minza. Kulwa alikuwa shule ya bweni. Mayu Minza alikuwa mtu wa maneno machache. Alianza kujipikia chungu chake. Hakunitukana, hakuniuliza kitu. Alikiweka tu chungu kidogo pembeni ya changu, na akila aligeukia ukuta.

Jumamosi moja alimwambia mwanawe mbele yangu: "Mpeleke akaangaliwe. Mimi siwezi kulala nyumba moja na mtu ambaye uso wake umeondoka."

Tulikwenda kwanza kwa mganga, kama watu wote. Tulisubiri uani kwake tangu asubuhi na watu wengine wenye shida zao, tukinywa uji wa mtama wa kikombe kimoja. Alipasua kuku, akaangalia ndani yake, akasema kuna mtu ameushika uso wangu na anautumia mahali pengine. Masanja aliuliza ni nani. Mganga akasema, huyo mtu hata yeye mwenyewe hajui. Nilichanjwa chale kwenye paji na mashavuni. Njia nzima ya kurudi, nimekaa nyuma kwenye baiskeli, nilikuwa nawaza neno lile. Sikuliamini, na bado lilinikaa mwilini: kwamba mahali fulani yuko mtu anacheka kwa uso wangu.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa siwezi tena kufunga vifungo. Nilitembea kwa kuburuza miguu, na nikifika mlangoni, mlango wowote, miguu iliganda ardhini. Doto aligundua kwamba akiweka mguu wake mbele yangu ili niuruke, ninavuka. Hatukujua kwa nini. Basi akawa ananisubiri kila mlango na mguu wake.

Fundi mwenzake Masanja ndiye aliyetuambia habari za daktari wa hospitali moja ya misheni, mbali magharibi, mbele ya Kahama. Tulisafiri kwa basi, halafu lori la mahindi. Tulilala kwenye kibanda cha ndugu wa wagonjwa, tukaamkia kwenye benchi la kumsubiri daktari. Benchi lile nalikumbuka kuliko barabara. Lilikuwa limesuguliwa na makalio ya watu hadi likawa linang'aa, na ukutani, kimo cha kichwa, palikuwa na mstari mweusi wa mafuta ya nywele za waliotutangulia. Mama mmoja mwenye mtoto wa surua aliniangalia, akahama. Akaja mwingine, kipofu, akakaa papo hapo, akaniuliza ninaumwa nini. Tulizungumza hadi jua likapanda. Yeye hakuwa na uso wangu wa kumtisha. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mtu wa mazungumzo.

Daktari alikuwa kijana wa Bukoba, ana sauti ya kivivu. Aliniambia nigonganishe vidole, nitembee hadi dirishani, niandike jina langu. Aliliangalia jina likisinyaa kwenye karatasi.

"Sasa tabasamu, Mwalimu."

"Natabasamu, daktari."

Masanja aliinamisha kichwa. Daktari hakucheka.

"Najua," alisema.

Nililia pale. Machozi yalishuka kwenye uso uliotulia kama wa sanamu, nami sikuona aibu, maana yule alikuwa mtu wa kwanza kusema anajua.

Aliniambia jina la Kizungu la ugonjwa huo, nikalisahau kabla sijafika mlangoni. Alichoeleza sikukisahau. "Ubongo hutengeneza maji fulani, kidogo sana. Maji hayo ndiyo yanayouambia mkono nenda. Na ndiyo yanayokuambia, hili lilikuwa zuri, lishike, lirudie. Yako yanakauka. Hujarogwa, na hujamroga mtu."

"Unaweza kuandika hayo?" Masanja aliuliza. "Ya mwisho hayo."

"Nikiandika watasoma?"

Masanja alifikiri. "Hapana," akasema.

Vidonge vilikuwa vyeupe, vina mstari katikati. Masista walivipata kutoka kwao Ulaya, ndani ya maboksi ya nguo za mitumba. Nilianza kwa nusu. Siku za kwanza nilitapika tu. Halafu asubuhi moja, bado tuko kwenye kile kibanda, niliamka nikaenda kuchota maji, nikarudi nayo kichwani, na nilipofika mlangoni niliona Masanja ameweka mguu wake niuruke. Nilikuwa nimeshavuka. Tulitazamana. Akasema, "Mama Kulwa, unacheka." Nikashika mashavu yangu kwa mikono miwili. Yalikuwa yamepanda kweli.

Masika ile ilikuwa masika ya furaha. Nilirudi darasani, niliandika herufi kubwa, watoto walioondolewa wakaanza kuchungulia madirishani. Wimbo wa kuhesabu uliingia kichwani mara moja. Mtoto akisoma vizuri, niliruka. Mayu Minza bado alipika chungu chake, ila alianza kula ananiangalia.

Palizi ilipokwisha vidonge vilianza kuishiwa nguvu mapema. Nikinywa asubuhi, kabla ya adhuhuri mwili unarudi kuwa gogo. Tulirudi kwa daktari, akaongeza. Msimu wa mavuno akaongeza tena. Hakuna aliyekosea, ndivyo dawa hiyo inavyotumiwa, na mimi nilikuwa naomba.

Mkono ulianza na mchele. Kuchambua mchele ni kazi ya kila mwanamke, kutoa mawe na chuya. Mimi nilimaliza nikarudia. Nilirudia tena. Doto alinikuta nimeutandaza ule ule mchele kwenye ungo, nautenga punje ndefu na fupi. Baadaye nikawa nachambua maharage, vifungo, kokoto za uani. Nilizipanga kwa rangi, nikazivuruga, nikazipanga. Akiniita nisimame, nilisikia, nikataka kusimama, nikapanga moja zaidi. Wala haikuwa raha, kama unadhani ilikuwa raha. Ilikuwa kama mtu ananivuta shingo kwa kamba laini.

Wakati wa likizo nilikwenda peke yangu kuchukua vidonge, na kutoka hospitali nikapanda lori hadi upande wa Geita, kumwona mdogo wangu Milembe. Nilimwambia Masanja nitakaa siku chache. Milembe alikuwa ameolewa na mchimbaji wa dhahabu, wakakaa kwenye kijiji cha wachimbaji wadogo: vibanda vya miti na majani, vumbi jekundu, na kila mahali maduara, ndivyo wanavyoita mashimo yao, mengine yanafanya kazi, mengine yameachwa na kuota majani mdomoni. Wanaume walishuka ndani; wanawake walikaa bondeni kwenye maji, wakiosha mchanga kwenye makarai.

Milembe alinipa karai nijifurahishe. Nilizungusha kama alivyonionyesha, maji yakatoka na udongo, ukabaki mchanga mweusi mwembamba, na pembeni ya mchanga, chembe moja, ndogo kuliko jicho la sisimizi, ikawaka.

Sijui niandike vipi kilichotokea kifuani mwangu. Siku nilipojifungua mapacha wangu haikuwa hivyo.

Sikurudi Samuye. Siku chache zikawa wiki, shule ikafunguliwa, nami nilikuwa bondeni. Nilifika kabla ya wengine, nikaondoka Milembe aliponivuta. Vidole viliota vidonda, kucha zikalika. Chembe nilizopata nilimpa Milembe. Nyingine nilizimwaga na maji, sikujali. Dhahabu yenyewe sikuitaka hata kidogo. Nilitaka karai linalofuata. Hata karai tupu lilinivuta sawa na lenye kitu.

"Dada, watoto wako watakula nini huko?" Milembe aliniuliza. "Shemeji anajua uko wapi?"

"Nimalize hili."

"Jana ulisema hivyohivyo."

"Hili la mwisho."

Na wakati huo wageni walikuwa wameshafika.

Wa kwanza niliwaona adhuhuri, jua liko utosini. Walikuwa watu watatu wamekaa kwenye ukingo wa bonde, wamenipa mgongo. Mavazi yao yalikuwa ya kawaida, kaniki na mashati yaliyopauka. Nilidhani ni wasafiri wamepumzika. Kesho yake walikuwapo, wamesogea. Sikuwaogopa. Nilipokwenda kula nilimwambia Milembe, "Wale wageni pale umewapa chakula?" Aliangalia nilikoonyesha. Aliangalia muda mrefu, kisha akanipakulia ugali mimi peke yangu.

Hawakuwa na sauti. Ng'ombe walipita katikati yao bila kuwakwepa. Kila siku walikuwa karibu zaidi, hadi wakawa wamekaa nami kwenye maji, na sasa walikuwa wamenigeukia, lakini ukiwatazama usoni, uso ulikuwa kama ubao uliofutwa vibaya: unaona palikuwa na kitu. Waliangalia mikono yangu tu. Nilipozungusha karai vichwa vyao vilizunguka. Na nyuma ya bega langu la kulia palikuwa na mwingine, ambaye sikumwona hata mara moja. Nilijua tu yuko, kama unavyojua mtu amesimama mlangoni ukiwa umempa mgongo.

Mtoto alikuja mwisho. Alikuwa msichana wa sare ya shule, sketi ya bluu, kama wa darasa langu. Yeye hakukaa. Alisimama mbali kidogo, ananiangalia, halafu akaenda hatua chache, akasimama, akageuka kuangalia kama namfuata.

Siku hiyo nilimfuata. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, watu wamejilaza vivulini. Nilikuwa nimekunywa kidonge asubuhi na cha mchana nilikisahau, kwa sababu ya karai. Msichana alipita kati ya vibanda, akapanda kilima, akaingia kwenye majani marefu ambako kulikuwa na maduara yaliyoachwa. Nilimwona amesimama kwenye mdomo wa duara. Alichuchumaa, akanyoosha kidole chini ndani yake. Nilipofika karibu niliona kule chini kunawaka. Siyo chembe. Ukuta mzima wa shimo ulikuwa unawaka kama maji ya ziwa yakipigwa na jua. Msichana akaingia. Hakuanguka, alishuka kama mtu anayeshuka ngazi, kichwa chake kikapotea.

Nikainua mguu kumfuata.

Mguu haukunyanyuka. Dawa ilikuwa imekwisha mwilini. Nyayo ziliganda kwenye ukingo wa lile shimo kama zilivyokuwa zikiganda milangoni kwangu, vidole vya miguu vimeshatokeza hewani, na mwili wote ukakaza kuwa gogo. Moyo ulikuwa unasukuma, twende, twende. Mwili ulikataa. Nilisimama pale, jua linanichoma, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, siwezi hata kuita. Chini ule mng'ao ulianza kupauka, kidogo kidogo, hadi likabaki shimo jeusi refu linalotoa baridi. Kokoto ilichomoka chini ya kidole changu. Nilisubiri kusikia imefika. Ilichukua muda.

Ugonjwa uliotaka kuninyang'anya uhai wangu ndio ulionishika siku hiyo kiunoni.

Milembe alinikuta kivuli kimeshageuka upande. Hakupiga kelele. Alikuja taratibu nyuma yangu, akanikumbatia tumboni, akaniangusha chali juu yake mwenyewe, tukalala pale kwenye majani tukihema. "Dada," alisema, "dada, dada."

Alimpelekea Masanja habari kwa dereva wa lori. Masanja alifika amevimba kwa hasira. Kule Samuye walishamwambia nimekimbia na mchimbaji. Alisimama mlangoni kwa Milembe, akaniangalia, mikono imechubuka, nywele zimejaa udongo.

"Mama Kulwa, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Mwanamume ni nani?"

"Hakuna mwanamume. Kuna mchanga." Nikamwambia yote, kamba ya shingoni, wageni, msichana, shimo. Nilipokuwa namweleza, yeye sasa amekaa kitandani, mmoja wao alikuwa pembeni yake. Nikamwomba Masanja asogee kidogo asimkalie.

Uso wake ulibadilika. Hasira ilimtoka, ikaingia hofu, na nakwambia wewe unayesoma, hofu ya mume ni nzito kuliko hasira yake. Lakini alisogea. Alisogea akampisha mtu asiyemwona.

Tulirudi hospitali, na daktari alitusikiliza hadi mwisho. Nilimwambia namwona mtu nyuma yake pia.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Mtoto akipata hesabu, unafanyaje?"

"Naweka alama ya vema."

"Na vema ile ndiyo inayomfanya apende kurudia. Sasa, kichwani mwako kuna milango midogo midogo inayopokea yale maji niliyokuambia. Yakiingia, ni vema. Yalipokauka, hukupata vema kwa chochote, hata kwa kazi uliyoipenda. Dawa imeifungua milango, na nilipoongeza, imekuwa inagongwa yote, mchana kutwa. Kila ukigusa mchanga unawekewa vema. Umepata kitu, vema. Hukupata, vema. Mwili wako umejifunza somo hilo kuliko lolote ulilowahi kujifunza."

"Na wageni?"

"Ni milango hiyohiyo, upande mwingine wa nyumba."

Alipunguza. Akanieleza wazi kwamba mkono utarudi kutetemeka na miguu itaganda, na kwamba kati ya kuwa gogo na kuwa mtumwa wa karai kuna njia nyembamba tutakayoitafuta pamoja. Nilikaa hospitalini kiangazi chote. Kamba ya shingoni ililegea polepole. Vidole bado viliokota changarawe za uani, Masanja akinifungua kiganja kimoja kimoja na kuzimwaga. Wageni waliondoka kama walivyokuja, kwa kusogea, kila siku mbali kidogo, hadi wakawa tena migongo mitatu kule kwenye ua wa minyaa wa hospitali. Siku niliyoamka hawapo, nililia. Sikuwa nimetarajia hilo. Kama litakupata, usijione mwendawazimu.

Habari zilitutangulia nyumbani. Tulipofika Samuye walikuja wanawake na wazee wawili wa kijiji, wakasimama uani, wakauliza kama ni kweli mke wa Masanja anaona wafu. Miguu yangu ilikuwa imeganda mlangoni, wote wananiona, uso umeshaanza kuwa mgumu tena. Doto alikuwa kisimani.

Mayu Minza alitoka jikoni. Alipita katikati yao akiwa na sufuria, akaja hadi mlangoni, akaweka mguu wake mbele ya wangu, kama alivyomwona mjukuu wake akifanya. Niliuruka. Akanikalisha kwenye kigoda, akakaa chini pembeni, akamega ugali, akanilisha, tonge lingine akala yeye, kutoka sufuria ileile, mbele ya macho yao.

"Huyu anaumwa," aliwaambia, anatafuna. "Mwenye swali jingine aniulize mimi, maana mimi ndiye ninayekula naye."

Kisha mmoja akasema shikamoo mama, wakaondoka.

Sikurudi kufundisha darasa zima. Mwalimu Mkuu alinipa watoto wachache waliochelewa kusoma, wanakuja uani kwangu, nami nakaa. Dawa nanywa kidogo, nyingine hukosekana miezi mizima, maana hii ni miaka ambayo hata sabuni tunaipangia foleni. Siku hizo nakuwa gogo, na Doto ananigeuza kitandani. Na mara mojamoja mgeni hurudi, mmoja tu, hukaa mbali, hana neno. Tumekubaliana na Masanja, ambaye kiwanda kilipopunguza watu alirudi nyumbani: nikiwa na shaka namuuliza, naye ananiambia ukweli, bila kunicheka.

Mwezi uliopita, mchana, watoto wameshaondoka, nilimwona mwanamke amekaa kwenye jiwe karibu na zizi. Alikuwa amejifunga kaniki iliyopauka. Uso wake haukuwa na kitu, macho hayapepesi. Aliangalia mikono yangu. Nikageuza macho, nikaendelea na kazi zangu, kama nilivyojizoeza. Jua likasogea, naye yupo. Kivuli kikamfikia, yupo. Nilianza kusikia ile baridi ya shimo kwenye nyayo.

"Baba Kulwa."

"Naam."

"Pale kwenye jiwe. Kuna mtu?"

Masanja aliinua kichwa kutoka kwenye jembe alilokuwa analitia mpini. Aliangalia.

"Yupo," alisema. "Amekaa hapo tangu mchana. Nilidhani mmeshasalimiana."

Nilimtazama tena yule mwanamke. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, na kidole gumba kilikuwa kinasugua cha shahada, polepole. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kijiji cha mbali, nilikuja kujua baadaye, na huko walishaanza kuhama njia wakimwona. Alikuwa amekaa mchana kutwa akisubiri mtu amwambie karibu.

Nilimwomba Masanja anishike mkono, nikanyanyuka, nikamwendea.